Vidonge vya Hesabu

Tarehe 3 Juni 1929, huko Los Angeles, mkemia wa miaka 27 aitwaye Gordon Alles alikunja mkono wa shati akamwachia rafiki yake, Dakta Hyman Miller, amdunge sindano. Ndani yake mlikuwa na miligramu 50 za amfetamini. Kemikali hiyo ilikuwa na umri mkubwa kuliko Alles mwenyewe. Mkemia wa Kiromania, Lazăr Edeleanu, aliitengeneza Berlin mwaka 1887, kisha ikasahaulika. Alles hakuwa anatafuta raha. Alifanya kazi na daktari wa mizio, na alichokitaka ni dawa ya kuwafungua vifua wagonjwa wa pumu.

Dakika chache baadaye pua ilimzibuka. Moyo ukaanza kumdunda. Halafu likamjia jambo ambalo hakulitarajia: alijisikia vizuri mno. Jioni ile, kwenye karamu ya chakula, alizungumza kupita kawaida yake, na usiku usingizi ukamkataa, fikira zikimruka kutoka jambo hili hadi lile bila kutua. Yote hayo aliyaandika.

Mimi huirudia jioni hiyo mara kwa mara, kwa sababu ndani ya mkono ule mmoja historia mbili zilikuwa bado hazijaachana. Mwaka jana mtoto wa dadangu, yuko darasa la tatu, aliandikiwa dawa ya ukoo huu baada ya miezi ya vipimo na mazungumzo na walimu wake. Mama alipousoma mfuko wa dawa na kuelezwa imo nini, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: “Mwanangu, si ndiyo hiyo hiyo wanayoharibikia vijana wa maskani?” Dadangu hakuwa na jibu. Mimi nilikuwa nalo nusu tu. Lugha yenyewe haitusaidii hapa, maana sisi tuna dawa ya meno, dawa ya panya, dawa ya mganga, dawa ya hospitali na dawa za kulevya, zote dawa. Na hata hilo neno kulevya halizitoshi hizi ninazozisema, kwa kuwa hazilevyi wala hazilazi. Zinaamsha.

Basi nianze na mmea, kwa kuwa Alles naye alianzia hapo. Wachina waliutumia mmea wa efedra, wao huuita ma huang, kwa karne nyingi kutibu kikohozi na pumu. Mwaka 1885 Mjapani Nagai Nagayoshi alitoa ndani yake kiini kiitwacho efedrini. Mwaka 1893 akakigeuza maabarani kikawa kitu kingine, ambacho leo tunakiita methamfetamini, na mwaka 1919 Mjapani mwenzake, Akira Ogata, akakipata katika umbo la fuwele. Mwaka 1924 K. K. Chen na Carl Schmidt, waliokuwa wakifanya kazi Peking, walichapisha matokeo yao juu ya efedrini na madaktari wa Magharibi wakaanza kuililia. Ila ilitegemea mmea uliotoka mbali. Alles alitaka mbadala wa kutengenezwa kiwandani, na ndivyo amfetamini ilivyofufuliwa.

Kampuni ya Smith, Kline & French ya Philadelphia iliitoa sokoni mapema miaka ya 1930 kwa jina la Benzedrine. Mwanzoni haikuwa kidonge. Ilikuwa kibomba kidogo cha kuvuta puani ukiwa na mafua, ndani yake mna karatasi iliyoloweshwa amfetamini, na mtu yeyote aliweza kukinunua bila kuulizwa neno. Haikuchukua muda watu wakagundua kwamba kibomba huvunjika. Karatasi ile ilibeba zaidi ya miligramu 200, na aliyeimeza au kuilowesha kwenye kahawa hakulala usiku huo wala pengine usiku uliofuata. Wanamuziki wa jazi waliijua, wanafunzi waliijua, wafungwa wa jeshi waliijua. Kibomba kile hakikuhitaji karatasi ya daktari hadi mwaka 1959, zaidi ya miaka 25 baadaye.

Wakati huohuo, katika jimbo dogo la Rhode Island, kulikuwa na hospitali ya watoto iliyojengwa kwa huzuni. Emma, binti wa tajiri George Bradley, aliugua ugonjwa wa kuvimba kwa ubongo akiwa na miaka 7 na hakupona sawasawa. Wazazi wake waliacha wosia kwamba mali yao iwatumikie watoto wa namna yake, na mwaka 1931 nyumba iliyobeba jina lake ilifunguliwa East Providence. Daktari mkuu wake alikuwa kijana wa ukoo huohuo, Charles Bradley.

Kipimo kimoja cha siku zile kilikuwa cha mateso. Ili kupiga picha ya ubongo, daktari alitoa maji ya uti wa mgongo na kuingiza hewa, na mtoto aliumwa kichwa kwa siku kadhaa. Bradley alidhani Benzedrine ingeuharakisha mwili kutengeneza maji mengine na maumivu yangepungua. Akawapa. Vichwa havikupoa kwa kiasi cha kutajika, lakini walimu wa shule ya mle hospitalini walianza kumletea habari za ajabu. Watoto waliokuwa hawakai kitini walikuwa wamekaa. Waliokuwa wakiyatupa madaftari walikuwa wanayamaliza.

Daktari mwingine angeshukuru na kuendelea na kazi. Bradley alifanya lile ambalo kwangu ndilo kiini cha habari hii yote: aliacha kudhani, akaanza kupima. Alichagua watoto 30, wavulana 21 na wasichana 9, wa miaka 5 hadi 14. Aliwatazama kwanza bila dawa, akawapa kwa wiki moja kila asubuhi, kisha akaiondoa na kuendelea kuwatazama. Watoto 14 kati ya hao walibadilika darasani kwa namna aliyoiona ya kustaajabisha. Siku dawa ilipokatwa, mabadiliko nayo yaliondoka. Watoto wenyewe waliviita vidonge vya hesabu, kwa sababu siku za vidonge hesabu zilikubali. Bradley aliyachapisha haya Novemba 1937, na hakuficha kwamba wengine hawakusaidika.

Angalia alichokuwa nacho mkononi: kemikali ileile ya sindano ya Alles na ileile ya kibomba cha mafua. Tofauti ilikuwa kwamba mtoto aliimeza, kwa kiasi kilichoandikwa, asubuhi, chini ya macho ya watu waliomjua kwa jina na waliokuwa tayari kuikata ikimdhuru. Bradley aliendelea kuyaandika majaribio yake, na kufikia mwaka 1950 alikuwa ameshatoa taarifa za watoto zaidi ya 300. Hakuna aliyemsikiliza sana. Wakati ule matabibu wengi wa akili Marekani waliamini shida ya mtoto hutatuliwa kwa kuchimbua maisha ya nyumbani kwake, na kidonge kilionekana njia ya mkato. Vidonge vya hesabu vilikaa kabatini karibu robo karne.

Nje ya hospitali ile, dunia ilikuwa na matumizi mengine. Mjini Berlin kampuni ya Temmler ilitazama mafanikio ya Benzedrine, mkemia wake Fritz Hauschild akaigeukia methamfetamini, na mwaka 1938 vidonge vya Pervitin vya miligramu 3 vikaanza kuuzwa madukani. Otto Ranke, mtafiti wa chuo cha udaktari wa jeshi, alivijaribu kwa wanafunzi na kuona vinafukuza usingizi. Kati ya Aprili na Julai 1940, Ujerumani ilipokuwa ikiivamia Ufaransa na jirani zake, zaidi ya vidonge milioni 35 vya Pervitin na kidonge ndugu yake Isophan vilipelekwa kwa wanajeshi. Askari mmoja kijana, Heinrich Böll, ambaye baadaye alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fasihi, aliwaandikia wazazi wake barua akiomba wamtumie Pervitin zaidi. Ukisoma habari za barua zile moyo hukusinyaa. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amechoka, na uchovu ule ulikuwa mwili wake ukimwambia ukweli.

Serikali ya Ujerumani yenyewe iliingiwa na hofu. Ilidai cheti cha daktari tangu mwishoni mwa 1939, na mwaka 1941 ikaiweka Pervitin chini ya sheria ya afyuni. Jeshi liliendelea. Waingereza na Wamarekani nao waliwapa marubani na askari wao Benzedrine kwa mamilioni ya vidonge, kwa hiyo asiwepo wa kumcheka mwenzake.

Lakini hesabu kubwa zaidi ililipwa Japani. Huko methamfetamini iliuzwa kwa jina la Philopon, lililotokana na neno la Kigiriki la kupenda kazi. Vita vilipokwisha mwaka 1945, akiba kubwa iliyokuwa imetengenezwa kwa ajili ya vita ilimwagika mitaani katika nchi iliyoungua, yenye njaa na vijana wasio na kazi. Wengi walianza na vidonge kisha wakahamia sindano, na hapo ndipo dawa ilipobadilisha tabia. Bunge la Japani lilipitisha sheria ya kuipiga marufuku mwaka 1951. Mwaka 1954 peke yake watu zaidi ya 55,000 walikamatwa kwa sheria hiyo. Fuwele aliyoipata Ogata maabarani ilikuwa imeshakuwa janga la taifa lake.

Nimetaja cheti cha daktari, na ningependa nisimame hapo, kwa kuwa wengi wetu tukiulizwa tofauti ya dawa na dawa za kulevya hukimbilia jibu hilo: hii imeandikwa na daktari, ile haikuandikwa. Jibu hilo halitoshi, na historia ya Marekani baada ya vita ndiyo shahidi. Katika miaka ya 1950 na 1960 viwanda vya Marekani vilitoa amfetamini kwa mabilioni ya vidonge. Sehemu kubwa ilikwenda kwa wanawake waliotaka kupungua unene au kuondoa huzuni za nyumbani, na madaktari wao waliandika na kuandika tena bila kuwapima chochote. Palikuwa na kliniki ambazo mgonjwa aliingia, akapewa mfuko wa vidonge vya rangi rangi, akalipa, akatoka. Dawa nyingi zilizozagaa barabarani hazikutoka kwa wapishi wa uchochoroni. Zilitoka viwandani kwa njia halali, zikachepushwa njiani.

Na mjini New York alikuwapo Max Jacobson, daktari mwenye leseni, aliyewadunga sindano za amfetamini zilizochanganywa na vitu vingine waigizaji, waandishi na hata Rais John F. Kennedy. Wagonjwa walimpenda. Walitoka kwake wakihisi wanaweza kuhamisha mlima. Wengine walirudi wakiwa hawawezi kuishi bila yeye. Leseni yake ilifutwa mwaka 1975. Cheti kilikuwapo, koti jeupe lilikuwapo, na bado ilikuwa ulevi.

Huko California sura nyingine ilikuwa ikifunguliwa. Vichupa vya methamfetamini ya sindano viliondolewa kwenye soko la kawaida mapema miaka ya 1960, baada ya kugundulika kwamba baadhi ya madaktari na wauza dawa wa San Francisco walikuwa wakiviuza kiholela. Nafasi ya vichupa hivyo ikashikwa na maabara za siri. Katika mtaa wa Haight-Ashbury, ulioanza kwa maua na nyimbo, vijana walijidunga mara kadhaa kwa siku, wengine wakifikia miligramu 1,000 na zaidi, siku tatu au nne mfululizo bila chakula wala usingizi, kisha wakaanguka. Walipoamka walikuwa wamejaa hofu, wakiona adui kila mlangoni. Walioanzisha kliniki ya bure ya mtaa huo mwaka 1967 waliwapokea wakiwa mifupa na majipu. Leo mtoto wa miaka 6 akiandikiwa amfetamini huanzishiwa miligramu 5 kwa mdomo. Weka nambari hizo mbili kando kwa kando na utaona kwamba swali la mama yangu linahitaji mizani kabla ya mahubiri.

Sheria zilifuata haraka. Mwaka 1970 Marekani ilipitisha sheria ya kudhibiti dawa hizi kwa madaraja. Mwaka 1971 amfetamini ilihamishiwa daraja la pili, pamoja na dawa kali zinazoruhusiwa hospitalini, na serikali ikaanza kuvipangia viwanda kiasi cha kutengeneza. Mwaka huohuo mkataba wa Umoja wa Mataifa ulitiwa saini Vienna, na nchi nyingi zikajenga sheria zao juu yake.

Turudi kwa watoto. Mwaka 1944, mjini Basel, mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba alitengeneza methilifenideti. Aliionja asione kitu cha maana. Mke wake Marguerite, ambaye shinikizo la damu yake lilikuwa chini, alikuwa akiinywa kabla ya kucheza tenisi na akasema inamsaidia. Jina lake la nyumbani lilikuwa Rita, na dawa ikaitwa Ritalin. Iliingia sokoni mwaka 1954 kwa ajili ya watu wazima wachovu. Mwaka 1963 Leon Eisenberg na Keith Conners walichapisha jaribio la kuwapa watoto wenye shida za tabia na masomo, na kazi ya Bradley ikafufuka.

Ilifufuka katika wakati mbaya. Nchi ilikuwa inaogopa vidonge, na mwaka 1970 gazeti moja lilipodai kwamba asilimia 5 hadi 10 ya wanafunzi wa mji wa Omaha walikuwa wakipewa dawa za tabia, bunge liliitisha kikao chini ya mwakilishi Cornelius Gallagher. Asilimia hizo zilikuja kuonekana kuwa zimekuzwa, lakini hofu ya wazazi haikuwa ya kijinga. Waliona vijana wao wakubwa wanaangamia kwa kitu ambacho shule ilitaka wawape wadogo.

Madaktari wakati ule walikuwa na maelezo ya kuwatuliza. Walisema mtoto mtukutu ana ubongo wa namna yake, ndiyo maana dawa inayowachangamsha wengine humtuliza yeye. Maelezo hayo yalipendwa sana na yalikuwa na kosa. Mwaka 1978 Judith Rapoport na wenzake, wa taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, waliwapa dozi moja ya dawa ya jamii ya amfetamini wavulana wasio na tatizo lolote. Nao walitulia, nao wakawa makini zaidi. Kwa hiyo kutulia baada ya kidonge hakuthibitishi kwamba mtoto ana ADHD, jina ambalo hali hii ya kukosa umakini na utulivu ilipewa katika miaka ya 1980. Utambuzi lazima utoke kwingine: kwenye historia ya mtoto, nyumbani na shuleni, tangu utotoni, kwa miezi, na baada ya kuondoa sababu nyingine kama usikivu hafifu, usingizi mbaya au kipigo nyumbani. Dadangu alichoshwa na maswali ya daktari. Nilimwambia ayashukuru.

Kama dawa ni moja na bongo zote huitikia, basi ni nini kinachomtenganisha mtoto huyu na kijana wa Haight-Ashbury? Jibu bora ninalolijua lilitoka kwenye maabara ya Brookhaven, katika kisiwa cha Long Island, miaka ya 1990. Nora Volkow na wenzake walitumia mashine inayoonyesha dawa inavyosafiri ndani ya ubongo wa mtu aliye hai. Katika ubongo kuna kemikali iitwayo dopamini, inayohusika na hamu, umakini na kujituma. Ikishatumwa kutoka seli moja kwenda nyingine, hufyonzwa na kurudishwa ilikotoka. Kokeini huviziba vifyonzi hivyo. Volkow aligundua kwamba methilifenideti huviziba vilevile, tena kwa kiwango kile kile. Kwa karatasi, kidonge cha mtoto na kokeini ni ndugu.

Lakini mwendo ulikuwa tofauti. Kokeini ikidungwa mshipani hufika kileleni katika ubongo kwa dakika chache tu, na nusu yake huwa imeondoka baada ya kama dakika 20, hivyo mtumiaji huitaka tena. Methilifenideti nayo ikidungwa mshipani hufika haraka namna hiyo na humpa mtu raha ileile. Ikimezwa kama kidonge, huchukua kama saa nzima kufika kilele, na huondoka polepole. Dozi ya kawaida huziba nusu ya vifyonzi au zaidi, na bado mtu hapati ile stimu. Ubongo huipokea raha kwa kasi ya kupanda kwake. Dopamini ikipanda ghafla, ubongo huweka alama: hiki, rudia. Ikipanda kama maji ya bamvua yanavyojaa kwenye mlango wa bahari, mtoto anaweza tu kusikia mwalimu anasema nini.

Viwanda vililijua somo hilo, na dawa mpya zikajengwa kwa nia ya kuchelewa. Concerta, iliyotoka mwaka 2000, ni kidonge chenye ganda gumu na tundu dogo. Maji ya tumbo huingia yakasukuma dawa nje taratibu kwa saa nyingi, na ganda lenyewe hutoka chooni likiwa tupu. Mwaka 2007 Marekani iliidhinisha lisdeksamfetamini, ambayo ni amfetamini iliyofungwa kwenye kipande cha asidi ya amino. Haifanyi kazi mpaka chembe nyekundu za damu zikifungue kifundo hicho, na kazi hiyo haiharakishwi sana kwa kuisaga wala kuivuta puani. Mimi huona uzuri katika hilo: watu wamekaa maabarani miaka na miaka wakitafuta namna ya kuipunguzia dawa kasi.

Hatari haijaisha. Dawa hizi huondoa hamu ya chakula, huvuruga usingizi, hupandisha mapigo ya moyo, na zinaweza kupunguza kidogo kasi ya kukua kimo, ndiyo sababu mtoto hupimwa uzito, urefu na shinikizo la damu kila anaporudi kliniki. Hofu ya kwamba zitamfanya mraibu ukubwani imechunguzwa: mwaka 2013 uchambuzi wa tafiti 15 zenye watoto zaidi ya 2,500 haukuona kwamba waliotibiwa waliangukia uraibu zaidi ya wenzao wasiotibiwa. Hatari kubwa iko kwa wanaozichukua bila kuwa zao, kama mwanafunzi wa chuo anayenunua vidonge vya mwenzake usiku wa mtihani. Mei 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru maonyo makali zaidi juu ya kugawana vidonge hivi. Na Juni 2024 viongozi wa kampuni moja ya tiba ya mtandaoni walikamatwa huko, wakishtakiwa kwa kuandika mamilioni ya vidonge kwa mahojiano ya haraka haraka. Karibu miaka 50 baada ya Jacobson, cheti kisicho na macho nyuma yake kilikuwa kimerudi kwa njia ya simu.

Sisi wa pwani hatukuhitaji kusubiri Wamarekani watufundishe kwamba uchangamfu huuzwa. Mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa ilitoa kwenye miraa kiini kiitwacho katinoni, ambacho umbo lake ni karibu sana na amfetamini. Katinoni huharibika siku mbili baada ya majani kukatwa, na ndiyo maana magari ya Meru hukimbia vile barabarani, vifurushi vimefungwa kwa majani ya migomba. Kenya imeihesabu miraa kuwa zao la biashara, Tanzania imeiharamisha kwa jina la mirungi, na Uingereza, iliyokuwa ikiipokea kwa ndege, iliipiga marufuku Juni 2014. Mtafunaji huikusanya stimu yake polepole, saa mbili au zaidi akiwa na donge shavuni, na jani lenyewe humwekea kikomo kwa taya kuchoka. Simtetei, kwa kuwa nimeona nyumba ambazo pesa ya unga wa ugali ilikwenda kwa miraa. Ila huwezi kumweka kapu moja na anayevuta fuwele kwa moshi, na kanuni ni ileile ya Brookhaven. Katinoni ilipotolewa kwenye jani na kutengenezwa kama poda, ilihesabiwa miongoni mwa dawa zilizokatazwa kabisa kimataifa, wakati mmea wenyewe haumo katika orodha hiyo.

Na fuwele sasa zinatufikia. Katika miaka ya karibuni wapishi wa Afghanistan wamegundua kwamba efedra inajiotea milimani kwao, mmea uleule aliouanzia Nagai, na huitumia kutengeneza methamfetamini. Majahazi huibeba kuvuka Bahari ya Hindi. Desemba 2023 mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya ya Tanzania ilitangaza kukamata zaidi ya tani 3 za heroini na methamfetamini katika operesheni za Dar es Salaam na Iringa. Tani 3! Hakuna mzani wa jikoni wala wa famasi unaoweza kukupa picha yake. Anayeivuta maskani hajui ina nguvu kiasi gani, hajui imechanganywa na nini, hana wa kumwambia basi leo inatosha.

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza dadangu kliniki. Mtoto alivua viatu, akasimama kwenye mzani, akasimama kando ya ukuta wenye alama za sentimita. Daktari aliiandika nambari, akarudi kurasa mbili nyuma, akailinganisha na ya miezi mitatu iliyopita. Alikuwa amepungua gramu 400. Akamuuliza anakula nini asubuhi kabla ya kidonge, naye akasema chai tu. Daktari akaishusha dozi, akamwambia dadangu ampe mtoto uji na yai kwanza, kidonge baadaye, na siku za mapumziko aache kabisa hadi waonane tena. Mama, aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba wake mapajani, aliinama akamnong’oneza mjukuu wake: “Umesikia, mjukuu wangu? Uji kwanza.” Kisha akanyoosha mkono akaomba kile kikaratasi chenye tarehe ya kurudi, akakikunja, akakitia mkobani mwake mwenyewe.